Sikio la Joash

Inspekta Mokeira alimwacha Joash Obunga aseme mpaka achoke, maana mtu aliyezoea maikrofoni ukimkatiza huanza upya. Joash alikuwa mwenye bendi na mpiga gitaa la solo aliyejulikana kutoka Migori mpaka Mfangano. Asubuhi hiyo ya Jumatatu alikuwa ameketi mbele ya meza ya mpelelezi, miguu ameinyoosha, kama mtu anayesubiri chai nyumbani kwake.

"Valvu zangu ni za zamani, Madam. Za Mwingereza. Nilinunua hiyo amplifaya mnadani nazo zikiwa ndani, huko miaka ya sabini. Ukigusa gitaa, sauti inatoka imeiva. Hizi mpya za siku hizi zinatoa sauti mbichi. Kavu! Hata mtoto atakuambia."

"Na unasema Motari ndiye alizibadilisha."

"Nani mwingine? Alhamisi nimempelekea vyombo afanye service. Jumamosi tunapiga matanga Karungu, sauti ni ya bati. Adier, kweli tupu, nilitaka kulia mbele ya watu."

"Kwenye matanga hakuna mtu angekushangaa," alisema Mokeira, na Joash hakucheka.

Katikati yao, juu ya meza, palikuwa na trei ya mayai. Vishimo vinne vya trei vilibeba valvu nne, vile vitaa vya kioo vyenye umbo la kichupa ambavyo huwaka ndani ya amplifaya za kizamani na kuitia sauti nguvu. Mokeira aliokota moja akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kioo kilikuwa safi, hakina jina wala namba. Pale kioo kilipokutana na kitako cheusi palikuwa na unga kidogo wa kijivu, nao aliudhania vumbi la barabara.

"Zako zilikuwaje, kwa kuangalia tu?"

"Zilikuwa na maandishi meupe, jina ya kampuni na namba. Moja maandishi yake yamekaa upande, kiwandani walipiga muhuri vibaya. Hiyo naijua kama mtoto wangu. Sasa angalia hizi, Madam. Ziko kipara!"

Mokeira aliandika hayo yote, pamoja na ule muhuri uliokaa upande, akamsomea, akampa kalamu atie sahihi. Kisha akaenda seli.

Motari, fundi wa redio, alikuwa ameketi sakafuni akiegemea ukuta. Jicho lake moja lilikuwa limefura likafumba kabisa, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilifungwa pamoja kwa kipande cha shuka. Jumapili, Joash alikuwa amekuja na vijana wa bendi mbele ya kibanda chake, na polisi walipofika walimkuta chini. Walimchukua wamwokoe. Joash akaandikisha shtaka la wizi, na yule aliyeokolewa akajikuta mahabusu. Kesho asubuhi angepandishwa kortini.

Motari alipomwona inspekta aliinuka nusu akaanza kusema kwa Ekegusii. Mokeira aliinua mkono.

"Kiswahili, Motari. Konstebo Maroa hapa ni Mkuria. Nataka asikie kila neno mwenyewe."

Motari alielewa. Walikuwa watu wa kwao mmoja, na ndiyo maana ilibidi wasizungumze kama watu wa kwao mmoja.

"Madam, mimi sikuiba. Nilisafisha soketi, nikabadilisha waya mmoja, nikajaribu, ikaimba vizuri. Halafu nikatoa zile valvu, nikafunga kila moja na gazeti, nikatia kwa katoni. Ndivyo tunafanya chombo ikienda safari. Ile barabara ya Karungu ukiacha valvu ndani, zinafika vipande."

"Nani angezirudisha?"

"Joash mwenyewe. Huwa anaweka kule kule kwa kazi. Anajua."

"Katoni ilitoka kwako siku gani?"

"Alhamisi hiyo hiyo, jioni. Alibeba yeye."

"Na yale maboksi matupu ya valvu mpya tuliyoyapata kwako?"

"Nilisema, hizo niliweka kwa amplifaya ya kanisa, Ogwedhi."

Mokeira alimgeukia Maroa. Konstebo alikuwa amefika Ogwedhi kabla ya jua kupata nguvu, na suruali yake ilikuwa bado na tope la soko la ng'ombe.

"Ni kweli, Afande," alisema Maroa. "Mchungaji alinifungulia. Valvu mpya ziko ndani, na risiti anayo. Na kibandani kwa Motari kulikuwa na seti nyingine mpya, bado imefungwa. Nimeibeba kama ulivyosema."

Basi hapo ushahidi mmoja ulikuwa umeanguka. Ulibaki mwingine, sikio la Joash, na sikio hilo lilikuwa na heshima wilaya mbili nzima. Hakimu angemsikiliza. Mji ulikuwa umeshamsikiliza.

"Madam," alisema Motari, "hata wakinifunga mwezi mmoja tu, hakuna mtu ataniletea redio tena. Nani anapea mwizi chombo chake?"

Mokeira hakumpa ahadi, kwa sababu hakupenda kuahidi asichokishika. Lakini moyoni alikuwa amekata shauri kwamba mtu huyu hataenda kortini kwa sababu ya ladha ya muziki.

Alirudi ofisini. "Joash, amplifaya kama yako iko wapi nyingine?"

"Moja tu. Homa Bay, kwa Mellen. Marehemu mume wake alinunua mnada ule ule. Valvu zake ni zile zile za zamani."

"Chukua gitaa lako. Tunakwenda."

Joash alimtazama kwa jicho la pembeni. "Unajisumbua sana kwa huyu, Madam. Ama ni kwa sababu ni mtu wa kwenu?"

Neno hilo lilimchoma Mokeira, na hakuficha. "Ndiyo maana unakuja na mimi," alisema. "Sitaki useme nilikupikia jambo nyuma ya mgongo wako. Utasikia wewe, na utaona wewe."

Trei ya mayai ilisafiri juu ya mapaja ya Mokeira mpaka Homa Bay. Kila Land Rover iliporuka, Joash alifumba macho.

Mellen alikuwa mfanyabiashara wa samaki, mama wa miraba minne mwenye leso kiunoni na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Nyuma ya ghala lake la samaki palikuwa na ukumbi aliokodisha kwa arusi na mikutano, na humo ndimo ilimokaa ile amplifaya. Mokeira alimweleza alichotaka. Mellen akapiga makofi.

"Nyar Kisii, binti wa Kisii, hii nimeipenda! Huyu Joash amenisumbua miaka mingi na maneno ya valvu. Tangu mzee afariki naziweka na kuzitoa mwenyewe, na mimi husikia tofauti siku nyingine, siku nyingine sisikii kitu."

"Leo hutasema kitu," alisema Mokeira. "Hata kukohoa."

Joash aliketi kwenye kiti akitazama dirisha la upande wa ziwa, gitaa mapajani. Nyuma yake walitundika shuka kati ya nguzo mbili. Nyuma ya shuka, Mellen, Mokeira na amplifaya. Maroa alisimama kando akiandika kila jibu. Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mellen angeweka seti moja ya valvu, wasubiri zipate moto, Joash apige wimbo anaoutaka, kisha aseme amesikia nini.

Mara ya kwanza Mokeira alielekeza kwa kidole seti mpya ya Motari. Mellen aliinua nyusi, akaitoa kwenye boksi, akaipachika. Joash alipiga. Solo ilipanda, ikacheza huko juu, ikashuka taratibu. Ilikuwa tamu, na Mokeira alijikuta akitikisa mguu mbele ya askari wake.

"Hiyo!" Joash alipaza sauti. "Hiyo ndiyo valvu ya zamani. Mmesikia ilivyoiva? Hizi ni za Mellen."

Maroa aliandika.

Mara ya pili Mellen alishika zile zenye moto kwa leso, akazitoa, akaweka zake mwenyewe, za zamani, zenye maandishi yake yote. Joash alipiga wimbo ule ule, akaacha katikati, akatema hewa kwa hasira.

"Toa. Hizo ndizo alizoniwekea yule mwizi. Kavu!"

Mellen aliziba mdomo kwa viganja viwili. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Mara ya tatu Mokeira alimfanyia Mellen ishara asibadilishe kitu. Wakazima mitambo. Mellen akagongagonga boksi, akakung'uta leso, akaguna kama mtu anayevuta kitu kigumu. Wakawasha tena, wakasubiri. Joash alipiga muda mrefu zaidi, macho amefumba.

"Afadhali," alisema mwishowe. "Sasa imerudi. Umerudisha za kwanza."

Mokeira alifungua shuka. Alimwonyesha Joash kilichokuwa ndani ya amplifaya, kisha akamwambia Maroa amsomee majibu yake. Maroa alisoma kwa sauti bapa ya kortini. Joash alisikiliza akiwa amekishika kichwa cha gitaa kwa nguvu. Mokeira alimwonea huruma, kweli. Mtu huyu alikuwa ameishi kwa sikio lake.

"Sikio linaweza kuchoka," alisema Joash. "Safari ni ndefu. Hata hivyo, Madam, umeonyesha nini? Umeonyesha Joash amechoka. Hujaonyesha valvu zangu ziko wapi."

"Umesema kweli," alijibu Mokeira. Na ilikuwa kweli. Kama sauti ya zamani inaishinda mpya au haiishindi, hilo aliwaachia wapenda muziki wabishane mpaka wazeeke. Swali lake lilikuwa jingine. "Nikumbushe. Kule Karungu, ulianza kusikia sauti kavu, ndipo ukafungua ukaona ziko kipara? Au uliziona kipara kwanza?"

"Nilifungua gazeti niziweke..." Joash alisita. "Niliziona kwanza. Nikasema, hee, hizi ni nini? Nikaweka tu, watu walikuwa wanangoja."

"Ukapiga."

"Nikapiga. Sauti kavu."

"Haya."

Aliomba valvu moja kutoka kwenye trei. Chuoni walikuwa wamefundishwa kuhemea kioo, kwani kitu kilichokaa juu ya kioo muda mrefu huacha nafasi yake hata kikiondolewa, na ukungu wa pumzi huionyesha. Mokeira alihema juu ya valvu mara moja, mara mbili. Wapi! Joto la Homa Bay mchana lilikausha pumzi kabla haijatua.

Alitazama nje ya mlango wa nyuma. Wafanyakazi wa Mellen walikuwa wakipanga sangara kwenye makasha ya barafu.

"Mama Mellen, nipe barafu. Isiyo na damu ya samaki, kama ipo."

"Barafu ya kwangu yote ina adabu," alisema Mellen, akaleta beseni.

Mokeira alizifunga valvu zote nne katika mfuko wa nailoni, akazizika kwenye barafu, akangoja. Kisha akautoa mfuko, akashika valvu ya kwanza kwa kitako, akaiinua kwenye mwanga. Hewa nzito ya ziwa iliigusa na kioo kikapiga ukungu. Ndani ya ukungu, mahali fulani haukushika. Mahali hapo palikuwa na umbo la herufi. Herufi, kisha namba, zilezile zilizokuwa kwenye valvu za Mellen.

"Uwi!" Mellen alisema.

"Njoo uone, Joash. Zitapotea sasa hivi."

Joash alikuja. Ya pili ilionyesha vivyo hivyo. Ya tatu Mokeira hakuishika yeye, alimpa Joash aitoe mwenyewe mfukoni. Ukungu ulipanda juu ya kioo mkononi mwake, na maandishi yakajitokeza yamekaa upande, mstari mmoja umelala, mstari mmoja umeinama. Joash aliyatazama mpaka yakayeyuka. Aliketi chini bila kuangalia kama pana kiti. Kilikuwepo, kwa bahati.

"Ni zangu," alisema.

"Ni zako. Ulizipigia Karungu ukizitukana."

Sasa Mokeira aliurudia ule unga wa kijivu kwenye shingo ya kitako. Aliukwangua kwa ukucha, akausugua kati ya vidole, akaunusa. Vumbi la barabara halitelezi hivyo. Alikuwa amekulia katika nyumba ya Wasabato kule Kisii, na unga huo aliujua tangu mikono yake ilipokuwa midogo, kila Ijumaa, sufuria baada ya sufuria.

"Joash, mke wako anasali wapi?"

"Risper? Ni Msabato." Alijibu bila kufikiri, kisha akafikiri. Mokeira aliona jinsi uso wake ulivyobadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyegundua jambo. Ulikuwa wa mtu aliyekumbuka.

"Katoni ilikaa nyumbani kwako Ijumaa nzima," alisema inspekta. "Siku ya maandalio. Twende tukamwone mama."

Risper walimkuta uani akianua nguo. Alikuwa mwanamke mwembamba wa maneno machache, na alipowaona polisi pamoja na mumewe aliweka beseni chini polepole. Mokeira alimsalimu, akaulizia watoto, kisha akamfunulia trei.

"Mama, hizi unazijua?"

Risper alimtazama mumewe.

"Niangalie mimi, mama. Kuna mtu kwa seli na vidole vimevunjika, na kesho anaenda kortini. Kama unajua kitu, ni leo."

"Nilizisugua," alisema Risper. "Ijumaa. Sabato haiingii kwangu na kitu chafu, hata kimoja. Nilifungua hiyo katoni nikaona vitu vimejaa masizi ya matanga, nikasema hii ni aibu. Nikatumia jivu na maji ya vuguvugu, vile nasugua glasi. Ziling'aa!" Kidogo fahari ilimponyoka, halafu akaikumbuka hali, akashusha sauti. "Nikazikausha, nikazirudisha kwa gazeti. Sikujua yale maandishi yana kazi."

"Hayana kazi, mama. Hukukosea. Lakini kwa nini hukusema?"

Joash alianza, "Madam, tumalize hii kitu kinyumbani, mimi natoa kesi..."

"Nimemuuliza yeye."

Risper alikunja kitambaa kilichokuwa mkononi, akakikunja tena. "Nilisema," alisema. "Jumapili asubuhi, akinywa chai. Alikuwa anaita vijana waende kwa Motari. Nikamwambia, baba Tony, ngoja, hivyo vitu ni mimi niliosha. Akaniambia ninyamaze, mambo ya vyombo siyajui. Nikasema mara ya pili. Akatoka."

"Ulisema mara mbili."

"Mara mbili. Kwa hii mlango."

Maroa alikuwa ameacha kuandika. Mokeira alimwashiria aendelee, na maneno yote ya Risper yakaandikwa, yakasomwa, yakatiwa sahihi kwa herufi kubwa za uangalifu. Joash alikuwa akitazama ukuta wa nyumba yake. Hakukana hata neno moja.

Kituoni, Joash aliondoa shtaka la wizi bila kusukumwa. Mokeira alipeleka jalada kwa mkubwa wake, akaeleza barafu na jivu, akatoka na ruhusa. Jua lilikuwa bado juu Motari alipoletwa kaunta akipepesa jicho moja. Maroa alimwekea mezani vitu alivyovuliwa kabla ya kuingizwa seli, kama kila mahabusu: mshipi, kitambulisho, bisibisi ndogo, na kiatu cha kulia.

"Imekwisha," Mokeira alimwambia. "Hukuiba. Wamejua, na imeandikwa. Kutoka hapa unapita hospitali kwanza."

Motari alishika meza. Machozi yalimtoka, akageuza uso ukutani mpaka yakapita. Kisha akamtazama Joash.

"Ulisikia nini Karungu, omera, ndugu yangu? Niambie tu. Mimi niliijaribu hiyo chombo kwa mkono yangu. Ilikuwa inaimba."

Mpiga solo wa wilaya mbili alilaza gitaa lake juu ya kaunta. "Nisamehe, Motari," alisema. "Nitakulipia hospitali. Nitatangaza kwa watu." Akavuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo, akalichukua gitaa lake, akageukia mlango.

Mokeira alikuwa amesimama mlangoni.

"Kesi ya valvu umeitoa, Joash. Ile ilikuwa yako, ulikuwa na haki kuitoa. Hii nyingine si yako. Ulikwenda na vijana ukampiga mtu ukamvunja vidole, na kabla hujatoka nyumbani ulikuwa umeambiwa mara mbili kwamba hana kosa."

"Madam..."

"Weka gitaa hapo. Tutalitunza."

Konstebo Maroa alizunguka kaunta. Motari alikuwa ameinama, akihangaika kuingiza mguu kwenye kiatu kwa mkono mmoja mzima. Hapo kando yake, Joash Obunga aliambiwa avue mshipi, kisha avue kiatu cha kulia, na akakivua.